Naombeni ushauri: kifaa cha gemu cha mkononi, nichukue chenye SteamOS au chenye Windows?

MtuWaNyegezi:
Wakuu, habari za Jumapili. Pesa niliyonayo inatosha kifaa kimoja cha mtumba, na mbele yangu vipo viwili: Steam Deck OLED ya kampuni ya Valve, inayokuja na SteamOS (mfumo wao uliojengwa juu ya Linux), na ROG Ally ya kwanza inayokuja na Windows 11. Kazi yangu ni ya kwenda na kurudi Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa hiyo muda wangu wa kucheza ni ule wa kwenye meli, ambako mtandao unakatikakatika na pa kuchomeka chaja hapana uhakika. Nyumbani mdogo wangu naye anataka FC, ile gemu ya mpira ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA. Mimi napenda programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) tangu chuo, ila nataka kifaa kitumike. Anayejua anisaidie.

FundiMakoroboi:
Mkuu, anza na FC, maana ndiyo itakayoamua. Tangu FIFA 23 ya mwaka 2022, EA huweka kwenye toleo la kompyuta programu yao ya kuzuia wachezaji wanaodanganya mchezoni, na programu hiyo inaingia hadi kwenye kiini cha Windows. Toleo la programu hiyo kwa Linux hawajatoa. Kwa hiyo FC za karibuni hazifunguki kwenye SteamOS hata ukinunua kihalali. Proton, ile inayowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux, haina la kufanya hapo. Na usidhani ni ugumu wa kiufundi peke yake. Easy Anti-Cheat, programu nyingine ya kuzuia udanganyifu, ni mali ya Epic na inakubali Linux, lakini Fortnite ya Epic haohao bado haichezeki huko. Mwenye gemu ndiye anayeamua. Kwa FC, chukua Ally.

DadaKirumba:
Sikubaliani na fundi. Aliyeuliza ni msafiri. Deck OLED ina betri ya Wh 50 (kipimo cha umeme inaohifadhi), Ally ya kwanza ina 40. Kwenye Deck unabonyeza kitufe gemu ikiwa katikati, inalala. Ukishuka gatini Nansio ukaingia nyumbani, unabonyeza tena na unaendelea ulipoishia. Kwa mtu wa meli hilo linazidi mpira wa mdogo wake, ambaye anaweza kwenda kwenye banda la gemu akacheza kwenye PS.

Ila kaka, kama unaifuata SteamOS kwa ajili ya uhuria, jua unachopata. Chini kuna Arch Linux, ukienda kwenye desktopu unakuta KDE, na Proton imejengwa juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza mwaka 1993. Hizo zote ni huria. Steam yenyewe, duka unalofungulia gemu, ni ya Valve na msimbo wake umefungwa. Tena huria haina maana ya bure. PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP, iliyojaa kwenye simu za vijana hapa mjini ni huria tangu 2012, na bado ina toleo la Gold linalouzwa ili aliyeianzisha aendelee na kazi. Mimi nimelilipia kwa moyo mweupe.

Mlimwengu_Igoma:
Hakuna kilichofungwa moja kwa moja. Ally inakubali Bazzite, mfumo wa Linux uliojengwa juu ya Fedora na unaofanana sana na SteamOS. Igawe diski: Windows ya FC, Bazzite ya safari. Lakini FC 25 peke yake inataka nafasi ya GB 100, kwa hiyo angalia ukubwa wa diski. Faili la Bazzite nalo ni la GB kadhaa, lishushe kwa bando la usiku.

MtuWaNyegezi:
Asanteni sana. Dada Kirumba amenigusa kwenye meli. Naegemea Deck, mdogo wangu nitamwelewesha. Nikienda kukagua niangalie nini? Na gemu zitafunguka bila mtandao?

DadaKirumba:
Zitafunguka nyingi, ila kila gemu ifungue mara moja nyumbani ukiwa na mtandao, halafu uiweke Steam kwenye hali ya nje ya mtandao kabla ya kupanda meli. Zinazotaka seva muda wote ziache.

FundiMakoroboi:
Kwenye ukaguzi, angalia kama mchezo unasogea wenyewe bila vijiti vya kuongozea kuguswa, cheza kidogo bila chaja uone asilimia inavyoshuka, na jaribu kila kitufe, hata vya nyuma. Muuzaji aondoe akaunti yake na kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani mbele yako, kabla hujatoa pesa.