Nani kawaambia sayansi haikai chini ya mwembe?

Wakuu, salaam. Niko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, nina duka la kujazia watu sinema kwenye flashi na memori kadi, na usiku nachora katuni na mdogo wangu. Uzi huu nimeufungua kwa hasira, niwaambie mapema. Nimejaribu kuimeza, imekataa kushuka.

Mwaka jana kulikuwa na shindano la wabunifu Kampala. Waandaaji sitawataja. Tulilipa shilingi 20,000 za fomu, tukapeleka kitabu cha katuni cha kurasa 24 kwenye kundi la hadithi za kisayansi. Baada ya miezi miwili ikaja barua: kazi yetu ni nzuri, ila wameihamishia kwenye "hadithi za jadi". Huko tukapambanishwa na ngano za sungura na fisi.

Sasa niwaeleze hiyo "jadi" yenyewe. Hadithi inatokea Yumbe, miaka 40 ijayo. Maji yamepungua, na bomba za kijiji zinaendeshwa na mashine yenye akili inayojua kila nyumba ina watu wangapi na kila mtu amechota kiasi gani. Ukurasa wa 9 bibi mmoja ameinama, jerikani la njano liko miguuni, kidole gumba amekibandika kwenye kioo kidogo cha bomba. Bomba linamwambia: "Umeshachota lita 20. Rudi saa kumi na mbili jioni." Bibi anajibu: "Mimi nimeshachota. Wageni walioingia usiku wewe hujawahesabu." Mkono ule mdogo wangu aliuchora mara sita, mpaka ufa wa ukucha ukaonekana. Kuanzia hapo hadithi nzima ni hiyo: mashine iliyofundishwa kugawa kwa haki itafanya nini na mtu ambaye hayumo kwenye orodha?

Hilo hatukuliokota hewani. Kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, hapo hapo Yumbe, ilifunguliwa 2016, na sisi tuliona kwa macho watu kutoka Sudan Kusini wakipanga foleni ya majerikani wakisubiri lori la maji. Tulichofanya ni kuisogeza foleni ile miaka 40 mbele na kuiwekea mashine mlangoni. Hakuna jini mle ndani, hakuna mganga, hakuna hirizi. Nikawapigia simu kuuliza jadi wameiona wapi. Nikaambiwa bibi anaongea kwa methali, na wazee wanafanya mkutano chini ya mwembe.

Mwembe, jamani! Kwa hiyo miaka 40 ijayo Yumbe haitakuwa na miembe, na bibi zetu watakuwa wamesahau methali?

Haya, tumchukue Black Panther, maana hao hao waandaaji walikuwa wamembandika kwenye bango lao. Alizaliwa kwenye vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1966, sinema ikatoka 2018, na sisi Waganda tulijaa kuitazama kwa fahari kwa sababu mwigizaji Florence Kasumba alizaliwa Kampala na wazazi wa mwenzake Daniel Kaluuya ni wa kwetu. Mle ndani mfalme anakunywa dawa ya mmea, anafukiwa mchangani, anakwenda kuzungumza na baba yake aliyekufa, tena penye mti! Sijasikia mtu akisema hiyo ipelekwe kwenye ngano. Ina vyombo vinavyoruka na madini ya ajabu, basi imeshapita. Naipenda sinema ile, nimewajazia watu mara zisizo na idadi. Lakini mti wao ukiwa sayansi na mwembe wetu ukawa jadi, hicho kipimo kimepinda.

Na Star Wars ya 1977 je? Kuna binti mfalme, kuna mzee mwenye nguvu za siri, kuna panga, na vyombo vinalipuka kwa kishindo mahali ambapo hakuna hewa ya kubeba sauti. Hiyo ni hekaya iliyovalishwa nguo za anga. Tamu sana, ila hekaya.

Mimi kipimo changu ni hiki. Hadithi ya kisayansi inaleta jambo moja ambalo bado halipo, jambo ambalo sababu yake iko ndani ya maumbile au kazi ya mikono ya watu, halafu inalifuata jambo hilo kwa uaminifu mpaka tuone maisha yamegeuka vipi. Mary Shelley alifanya hivyo mwaka 1818 kwenye riwaya ya Frankenstein: maiti wake anaamshwa na maarifa ya mwanafunzi, hakuna dua iliyosomwa. Dada yetu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alifanya hivyo 2009 kwenye sinema yake Pumzi. Vita vya maji vimepita, watu wamejifungia ndani, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na msichana mmoja anaona mbegu imechipua kwenye udongo walioambiwa umekufa. Sinema haifiki hata nusu saa, na hakuna bunduki ya mwanga hata moja. Hapa kwetu mwandishi Dilman Dila ametoa kitabu cha hadithi za namna hii tangu 2014, na sinema yake ya kisayansi ikatoka 2017. Kwa hiyo mtu asiniambie Uganda ndiyo kwanza tunajifunza.

Kuna wenzetu nao wananiudhi kutoka upande wa pili. Wakikasirishwa na ubaguzi huu wanakimbilia kusema Kintu na Nambi, ngano ya Baganda ya mtu wa kwanza na mkewe, ni hadithi ya kisayansi kwa sababu Nambi alishuka kutoka mbinguni. Hapana. Nambi alirudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kulisha kuku, kaka yake Walumbe akamfuata, ndipo kifo kikaja duniani. Hadithi ile inaeleza kwa nini tunakufa, na inaeleza vizuri. Haihitaji kuazima jina la sayansi ili iheshimiwe. Tukiziita zote za kisayansi kwa sababu ni zetu, tutakuwa na kosa lile lile la waandaaji, tumeligeuza tu.

Kwenye muziki ndiyo waandaaji walinimaliza kabisa. Rafiki yangu anapiga adungu, kinubi cha huku kwetu. Alitunga nyimbo nne zinazofuatana, barua za mtoto aliyezaliwa safarini kwenye chombo cha anga, akimwandikia nyanya yake Nebbi ambaye hatamwona kamwe. Wakamrudishia, eti muziki hauwezi kuwa wa kisayansi, labda angetumia kinanda cha umeme. Sun Ra, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, alitengeneza sinema nzima mwaka 1974 akitaka kuwahamishia watu weusi sayari nyingine kwa nguvu za muziki. Tuzo za Hugo, ambazo ndizo kubwa kwa hadithi hizi, ziliweka albamu ya mwanamuziki wa roki Paul Kantner kwenye orodha ya wanaowania mwaka 1971, na 2017 zikaiweka ya kundi la rap liitwalo clipping., inayosimulia mtumwa aliyebaki peke yake kwenye chombo cha anga baada ya uasi.

Tena kinanda cha umeme hakithibitishi kitu. Otim Alpha wa Gulu anapiga nyimbo za harusi za Kiacholi kwa kompyuta, kompyuta imeshika nafasi ya kundi zima la wapigaji. Wageni wakisikia wanasema huo ni muziki wa kesho. Ni muziki wa harusi, wa leo, na watu wanaucheza mpaka alfajiri. Barua za yule mtoto ndizo za kisayansi, hata zikiimbwa na adungu ya mti na ngozi.

Aliyeshinda kundi la kisayansi tulilotolewa ni kijana mwenye katuni ya mtu anayetoa moto viganjani kwa sababu babu yake alikuwa mfalme, ila anaishi kwenye mji wa maghorofa ya vioo. Anachora vizuri mno yule kijana, sina ugomvi naye.

Fomu ya mwaka huu wameshaitoa. Nimeifungua asubuhi hii. Kwenye hadithi za kisayansi unatakiwa utie alama kwenye angalau kisanduku kimoja: roboti, vyombo vya anga, viumbe wa sayari nyingine, mji wa kisasa. Bomba la maji halina kisanduku. Nimewaandikia wanionyeshe ni nani alivipanga hivyo visanduku vinne na kwa hoja gani. Aliye Kampala na anaweza kufika ofisini kwao aniambie, nimtumie nakala ya barua yetu na ile kurasa ya 9 aende kuwawekea mezani. Mwisho wa kupokea kazi ni Ijumaa.