Ushoga "umeletwa"? Naomba ufafanuzi kabla ya mdahalo

Mwanabaraza: Wakuu, vijana wetu wana mdahalo. Hoja tatu hazikosi: umeletwa na Wazungu, mtoto wa kiume huharibika akilelewa na mama peke yake, aliyelawitiwa utotoni lazima naye awe hivyo. Kila moja ina uzito gani?

Chimbuko la Neno: Ya kwanza uipime kwa msamiati. Hanithi ni Kiarabu. Msagaji limetokana na kusaga. Fikiria mawe mawili ya kusagia, moja juu ya jingine. Shoga hadi leo pwani ni rafiki: mwanamke akimwambia mwenzake "njoo shogangu" hana maana nyingine. Mwaka 1899 Haberlandt, mtafiti wa Vienna, alichapisha makala kuhusu Unguja. Analitaja neno mke-si-mume, na anaeleza kuwa wenyeji waliwatofautisha walioanza baadaye na waliozaliwa hivyo, ambao walisema ni "amri ya Muungu". Kwa hiyo ubishi wa kuzaliwa au kuiga ni wa zamani hapa hapa. Kilichokuja na meli ni sheria: "kinyume cha maumbile" Waingereza walikwisha kuiandika India, kifungu cha 377 cha sheria ya jinai, mwaka 1860, kabla haijafika kwetu.

Mpimaji: Ya mama haina mashiko. Bieber, daktari wa akili, aliivumisha Marekani mwaka 1962, lakini mashoga 106 aliowachunguza wote walikuwa kwenye matibabu ya akili. Ukichagua wagonjwa tu, utaona ugonjwa tu.

Kuhusu jeni, yaani vinasaba vya urithi, utafiti wa 2019 uliopima watu karibu 500,000 haukupata jeni moja ya ushoga. Jeni zote pamoja zilieleza asilimia 8 hadi 25 ya tofauti kati ya watu, na waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Jambo lililojirudia katika tafiti nyingi ni kaka wakubwa: kadiri wanavyoongezeka, uwezekano wa mdogo wao wa kiume kuwa shoga hupanda kidogo. Hapa wengi hukosea kuhesabu. Wanaohesabiwa ni wa tumbo moja, si wa baba mmoja, na kwenye nyumba ya wake wawili hesabu hubadilika kabisa.

Mama Ustawi: Hoja ya tatu ndiyo inayoumiza watoto. Wavulana wengi waliolawitiwa hawawi mashoga, ila wakiisikia imani hiyo wananyamaza wasije wakaitwa jina. Mtoto akisema, asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huozesha ushahidi. Kwa Tanzania chukueni PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, lakini hali ikiwa mbaya hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Simu ya watoto ni 116, bila malipo.