Kibao gani cha pikoboli kwa aliyezoea raketi ya tenisi: kirefu, cha kati au kipana?

MzeeWaSlaisi (Minnesota)
Wakuu, habari za jioni. Nimecheza tenisi miaka 22, nilianzia Dar nikiokota mipira ya wakubwa. Sasa magoti yamegoma, baridi ya huku imetufungia ukumbini, na jirani kanivuta kwenye pikoboli (pickleball), ule mchezo wa kibao kigumu na mpira wa plastiki wenye matundu. Nimenogewa kweli. Shida ni kibao nilichoazimwa: mpira ama unapaa hadi ukutani, ama naugonga kwa ukingo. Halafu bekihendi yangu ni ya mikono miwili, na mpini ule ni mfupi, mkono wa kushoto unaning'inia tu.

Nimechuja vimebaki vitatu. Cha kwanza JOOLA Hyperion CFS 16: kirefu, inchi 16.5 kwa 7.5, mpini inchi 5.5. Cha pili Six Zero Double Black Diamond cha unene wa milimita 16, umbo la katikati, mpini karibu sawa na wa kwanza. Cha tatu ni kipana cha kawaida, inchi 16 kwa 8, uso wa faibaglasi, mpini mfupi, na ndicho cha bei ya chini. Nichukue kipi?

FundiNyuzi (Nairobi)
Mkuu, mimi hufunga nyuzi za raketi, na siku hizi naletewa hata vibao nibadilishe utepe wa mpini. Kabla ya majina, shika hesabu moja. Sheria inasema urefu ukijumlishwa na upana usizidi inchi 24, na urefu peke yake usizidi 17. Kwa hiyo hakuna cha bure hapa: kila unachoongeza kwenye urefu unakikata kwenye upana. Kibao kirefu kinakupa ufiko na kasi ya ncha, yale uliyozoea kwenye raketi, lakini sehemu tamu ya kupigia inakuwa nyembamba na inapanda juu. Ndiyo maana mtu wa tenisi akishika kirefu siku ya kwanza anaona yuko nyumbani. Akianza kurudishiwa mpira mwilini, anashangaa.

La pili ni uso. Nyuzi za raketi hulegea kidogo, zinaukumbatia mpira kabla ya kuuachia. Kibao hakina nyuzi. Ndani ni sega la plastiki kama la nyuki, juu yake karatasi ngumu. Uso wa kaboni ghafi una mkwaruzo, unakupa mzunguko unaoutaka. Faibaglasi inarusha zaidi. Wewe unalalamika mipira inapaa, halafu unataka faibaglasi? Cha tatu kifute.

ShangaziVoli (Maryland)
Fundi, usimfutie mwenzio haraka hivyo. Kufuta faibaglasi sawa, lakini kipana akitafute cha kaboni. Mimi nilitoka tenisi na kibao kirefu kama sala. Miezi sita nikawa mtu wa kupiga kutoka nyuma, bum, bum, na vijana wa ukumbini wananiua palepale kwenye mstari wa jikoni, lile eneo la mbele ya wavu ambamo huruhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Mchezo wa wawili unaamuliwa pale, futi 7 kutoka wavuni, mpira unakuja na kurudi kabla hujapumua. Kibao kifupi kinageuka upesi mkononi. Kirefu kinachelewa, hata kama mizani inasema uzito ni uleule, maana uzito umekaa mbali na ngumi.

Na kaka, pole, lakini mpira kupaa ni mkono wako. Unavuta nyuma mpaka begani kama uko kwenye uwanja mzima. Uwanja wa pikoboli ni futi 44 kwa 20 tu. Anza na kisogo cha kibao mbele ya tumbo, ukikipoteza machoni umeshavuta sana.

KiwikoKibovu (Houston)
Jina langu linajieleza. Nilinunua kirefu, chembamba cha milimita 14, kigumu, kile kilichobanwa kwa joto pembeni. Wiki mbili nilikuwa mfalme. Wiki ya tatu nikashindwa kuinua birika la chai. Kila ukigonga nje ya sehemu tamu, mtetemo unapanda moja kwa moja kwenye kiwiko, na sisi wa tenisi viwiko vyetu vina historia. Nilihamia milimita 16, nikachukua cha umbo la kati. Nguvu imepungua kidogo, mpira ninaoudondosha jikoni sasa unatulia. Kwa mtu mwenye pigo refu, kiini kinene ni breki nzuri.

MuscatJioni (Muscat)
Nje ya mada kidogo: msimwambie mtu "padeli". Huku ukisema hivyo dukani unaletewa kile kizito chenye matundu, maana padel, mchezo mwingine kabisa, ndiyo iliyojaa Ghuba. Kibao ni kibao.

Ndani ya mada: pima mpini pia kwa unene. Watu wa tenisi hununua mnene kwa mazoea. Chukua mwembamba, ukiona haujazi mkono unaviringisha utepe wa ziada. Mnene huwezi kuukonda. Na utepe huo hufyonza jasho, jambo ambalo mtu wa Minnesota hatanielewa.

FundiNyuzi (Nairobi)
Shangazi, kuhusu kuzuia kwa kasi nakubali. Ila bekihendi ya mikono miwili usiisahau. Jack Sock, aliyebeba Wimbledon ya wawili 2014 na 2018, alipohamia pikoboli hakuja kujifunza kupiga upya. Alikuja na mapigo yake. Mpini wa inchi 4 na kitu unamlazimisha mtu aache silaha yake bora.

ShangaziVoli (Maryland)
Sock ana miguu. Mzee katuambia magoti yamegoma.

MzeeWaSlaisi (Minnesota)
Nimerudi, wakuu. Duka la hapa lina vibao vya majaribio, nikachukua viwili vya kwanza Jumamosi nzima. Hyperion kwenye sevu na kwenye mipira ya nyuma ni utamu mtupu, nilijihisi nina miaka 30. Tatizo nikisogea mbele: mama mmoja wa makamo alinipiga mipira mitatu mfululizo kwenye bega la kulia, kila mara nimechelewa. Nikabadili, nikashika cha kati. Wa nne nikauzuia. Haukuwa mzuri, ulidondoka tu upande wake, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshapata nafasi kwenye mpini. Nimelipia hicho hicho, milimita 16.

Swali la mwisho. Nikigonga pembeni bado kinajipinda mkononi. Nasikia watu wanabandika utepe wa risasi, yale madini mazito, kuongeza uzito pembeni?

KiwikoKibovu (Houston)
Ndiyo. Anza na gramu 3 kila upande, kwenye saa tatu na saa tisa. Usiweke kichwani, utarudisha uzito uleule alioukimbia Shangazi.

MzeeWaSlaisi (Minnesota)
Saa tatu ya Kizungu au ya Kiswahili?

KiwikoKibovu (Houston)
Yoyote. Saa tatu yako ndiyo saa tisa yao, utepe unaangukia palepale.