Naomba ushauri: mbegu ya karanga inayohimili ukame, nipo Kongwa

Mkulima_Kongwa:
Habari wakuu. Nalima karanga ekari 3 kwa mbegu tuliyorithi kwa mama, ile ya kutambaa. Yeye alikuwa anavuna vizuri. Msimu huu nilipanda mwishoni mwa Desemba. Februari jua likawaka wiki tatu, maua ndiyo kwanza yametoka. Mvua ikarudi kidogo, katikati ya Machi ikakata kabisa. Nimeng'oa, maganda mengi matupu. Magunia manne tu shamba zima, na ada ya mtoto niliitegemea hapo. Kuna mbegu za ukame kweli? Mwaka juzi niliuziwa mfuko wa "mbegu bora", zikaota mchanganyiko.

Mama Shamba:
Pole sana mdogo wangu. Hiyo ya kutambaa inataka miezi minne na zaidi, na mvua zetu za Dodoma hazifiki huko. Tafuta mbegu inayoitwa Pendo. Ilitolewa na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, mwaka 1998. Inasimama wima na inakomaa kwa siku 90 hadi 100. Ukame haiuwezi sana, inauwahi tu: mvua inakata punje zimeshajaa. Ila usiichelewe, ikikomaa ikanyeshewa inaota hukohuko ardhini. Ng'oa michache, menya. Ganda likianza kuwa jeusi kwa ndani, vuna.

Bwana_Ugani:
Naongezea hapo. Naliendele wakishirikiana na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, walitoa nyingine mwaka 2009, ikiwemo Mangaka, nayo ni ya muda mfupi. Omba mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au iliyoazimiwa ubora, yaani iliyozalishwa na wakulima na kukaguliwa, kutoka kwenye kikundi cha wazalishaji, na ujaribu kuotesha punje 100 kabla ya kupanda.

Lakini mkuu, mbegu peke yake haitakuokoa. Jua la Februari lilikupiga wakati vile visindano vinashuka ardhini baada ya maua. Udongo ukiwa mgumu havipenyi, maganda yanakuwa machache. Na mvua ilipokata Machi punje zilikuwa hazijajaa, ndiyo maana ya maganda matupu. Lima matuta, na kila baada ya mita chache ziba mfereji kwa udongo ili maji yasimame yanywewe hapohapo. Palilia mapema, visindano vikishaingia, jembe lisiguse shina.

Mzee wa Mlali:
Bwana Ugani kasema kweli kuhusu udongo. Waingereza walileta matrekta hapahapa Kongwa mwaka 1947 kulima karanga. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua ziliwakatalia. Mwaka 1951 wakaacha. Kijana, chagua kipande chenye kichanga, hata kama ni ekari moja tu.

Mama Shamba:
Na jambo moja naomba usilipuuze. Karanga iliyopigwa na ukame mwishoni ganda linapasuka, kuvu inaingia, ndiyo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, mahindi yalikuwa na sumu hiyo. Hizo zilizosinyaa na zenye ukungu usiwape watoto wala kuku. Nzuri zianike juu ya turubai.

Mkulima_Kongwa:
Ahsanteni sana. Zilizosinyaa mke wangu alikuwa ameshazitenga za kusaga, nimempigia sasa hivi azitoe. Kichanga ninacho ekari moja na nusu kule mtoni, nitaanzia hapo na Pendo. Bwana Ugani, nina plau ya ng'ombe tu. Ile mifereji naweza kuiziba kwa jembe la mkono baada ya kupitisha plau, au nisubiri mvua ya kwanza ilainishe?

Bwana_Ugani:
Subiri mvua ya kwanza, pitisha plau, ziba siku hiyohiyo udongo ukiwa bado na unyevu. Kesho yake panda.