Raga ya Mataifa Sita: mfumo wa zamani wa pointi, wa sasa, au wa Wafaransa?

Nambari9
Wakuu, kwenye Mataifa Sita hadi 2016 ushindi ulikuwa pointi 2 za msimamo na sare 1, basi. Tangu 2017 ushindi ni 4, sare 2, bonasi 1 kwa trai nne (trai ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani), na bonasi 1 ukishindwa kwa alama 7 au pungufu. Top 14, ligi kuu ya klabu ya Ufaransa, inabana zaidi: mshindi apate bonasi lazima amzidi mpinzani kwa trai tatu, na aliyeshindwa asizidiwe kwa zaidi ya alama 5. Kwa mashindano ya mechi tano tu, upi unafaa?

Fowadi_Mzee
Wa zamani. Machi 21, 2015, Ireland, England na Wales walimaliza na pointi 8 kila mmoja. Tofauti ya alama walizofunga na walizofungwa ikaamua: +63, +57, +53. Ili watwae ubingwa, England walihitaji kuwashinda Ufaransa kwa tofauti ya alama 26, wakashinda 55-35. Nani alihitaji bonasi siku ile ili ashambulie?

MstariWa22
Ila England walicheza mwisho, hesabu wakiwa nayo mkononi. Ireland hawakuwa na nafasi hiyo.

Tazama 2025: Ufaransa 21, England 20, Ireland 19, wote ushindi mara nne. Kwa mfumo wa zamani wangefungana kwa 8, na tofauti (+125, +74, +18) ingewapanga vilevile. Bonasi inabadilisha zaidi dakika za mwisho. Dakika ya 78 uko nyuma kwa alama 10, umepata penalti ya alama 3 mbele ya nguzo: piga. Unabaki nyuma kwa 7, bonasi unayo, na wapinzani ndio wanaoanzisha mpira kuja kwako. Nahodha wengi hukosea kwa kujadiliana. Mpigaji ana sekunde 60 tu na saa ya mechi inatembea.

Nambari9
Kuna kiraka pia. Anayeshinda mechi zote tano bila bonasi ana 20. Mwenye ushindi mara nne, trai nne kila mechi na kipigo chembamba ana 22. Ndiyo maana Grand Slam, yaani kushinda mechi zote tano, inaongezewa 3.

Fowadi_Mzee
Kwa Top 14 huyo wa pili angeishia 21 kwa juu kabisa, maana huwezi kufungwa ukapata bonasi zote mbili. Bado anaweza kumpita aliyeshinda zote tano, kwa hiyo kiraka kinabaki.

MstariWa22
Kweli. Lakini England 26-25 Ufaransa, 2025: trai nne kwa tatu, England wakachukua 5. Kwa Top 14 wangepata 4. Kwa mechi iliyoamuliwa kwa alama moja, hapo nawaunga mkono Wafaransa.