Kumpeleka mjukuu kuona mawe ya Duqm, Oman

Babu wa Wete: Assalaam aleikum. Januari nitakuwa Muscat kwa binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka 15 ameniomba twende kwa gari jangwani, tukaione bustani ya mawe ya Duqm. Je, mzee kama mimi ataimudu safari hiyo?

Mkaazi wa Michenzani: Waaleikum salaam, babu. Utaimudu, inshallah. Njia ni ya lami, ila inapita kilomita 500, kwa hivyo jazeni mafuta kila mkutapo kituo, na msiendeshe usiku kwa sababu ngamia hukatiza barabara bila ya taarifa.

Bi Mkubwa: Laleni Duqm, muyaone asubuhi. Mwonyeshe kijana jinsi upepo, ambao hauwezi kuunyanyua mchanga juu sana, unavyoyala mawe ya chokaa zaidi miguuni kuliko vichwani.