Msaada: pete ya mita 10 inayozunguka angani, binadamu atakaa humo?

Mwl_Chumbageni: Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya fizikia hapa Tanga inaandaa modeli ya kituo cha anga kinachojizungusha ili waliomo wapate uzito. Vijana wamechora pete ya nusukipenyo mita 10. Mwili utavumilia? Na modeli tuionyesheje?

Egili: Mwalimu, hesabu inakubali, sikio ndilo litakalogoma. Ukitaka uzito wa duniani, gawa 895 kwa mraba wa mizunguko kwa dakika, unapata nusukipenyo kwa mita. Mita 10 zinadai mizunguko 9.5. Mtu wa mita 1.7 akisimama humo, nyayo zinapata uzito kamili, utosi asilimia 83. Akitembea mita 1.5 kwa sekunde kufuata mzunguko, anaongezeka karibu theluthi. Akigeuza njia, anapungua zaidi ya robo. Hayo afadhali. Ngoja ageuze shingo ghafla: majimaji ya sikio la ndani yanamwambia anapinduka, macho yanasema ametulia. Kichefuchefu hicho! Andikeni mizunguko 2, mita 224. Mkibana sana, 4 kwa mita 56, na wakazi wapewe siku za kuzoea.

Bahari_Raskazone: Naunga mkono. Msiache uzito kabisa, maana bila uzito mifupa ya nyonga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Pete nzima si lazima: vyumba viwili vilivyofungwa kwa kamba ndefu vinatosha. Gemini 11, chombo cha anga cha Marekani, ilijaribu mwaka 1966 kwa kamba ya mita 30, ikapata uzito kiduchu kwa kuwa ilizunguka polepole mno.

Fundi_Spoku: Modeli: gurudumu la baiskeli lilale, ekseli isimame wima. Funga kwa waya chupa mbili za nusu lita, zikitazamana, katikati ya kila chupa iwe sentimita 30 kutoka ekseli. Maji nusu chupa yenye rangi, ujazo sawasawa. Zikitofautiana, gurudumu linatikisika na maji yanavurugika. Zungusha mara 11 kwa sekunde 12: maji yanainama nyuzi 45, yaani msukumo wa pembeni umelingana na uzito wa dunia. Pima pembe katikati ya chupa, maana uso wa maji umejipinda.

Mwl_Chumbageni: Ahsanteni sana. Tukipunguza mwendo nusu, pembe nayo nusu?

Fundi_Spoku: Hapana mwalimu. Nusu ya mwendo ni robo ya uzito, maji yatainama nyuzi 14 tu. Waoneshe hilo kwanza, kabla ya fomula.